Bendi Ndogo za Dansi katika Njia Panda ya Makambako: Safari, Vyombo na Riziki katika Nyanda za Juu Kusini, 1965–1995

Utangulizi

Historia ya muziki wa dansi nchini Tanzania imeandikwa kwa sehemu kubwa kutoka Dar es Salaam na miji ya pwani. Kazi za Stephen Martin na Werner Graebner zilijikita Dar es Salaam. Kelly Askew aliifanya Tanga kuwa kitovu cha utafiti wake. Alex Perullo alirejea Dar es Salaam katika kitabu chake cha mwaka 2011. Katika maandishi hayo mikoa ya bara hutajwa kama mahali ambako bendi "ilikwenda" kisha ikarudi. Safari yenyewe, yaani siku na usiku kati ya ukumbi mmoja na mwingine, huachwa bila kuelezwa, kana kwamba wanamuziki walifumba macho jijini wakafumbua jukwaani Songea. Emily Callaci, katika makala yake ya mwaka 2011, amesogea mbele zaidi kwa kuonyesha kwamba vilabu vya dansi vya enzi ya ukoloni vilikuwa mtandao wa miji mingi uliotegemea watu kusafiri. Hata hivyo mjadala wake unakoma mwaka 1961, na swali lake kuu ni heshima na siasa za ukumbini, wala si gharama za kufika huko.

Insha hii inachunguza safari hiyo kwa kuzingatia eneo moja: Makambako na Njombe, miji miwili iliyotenganishwa na takriban kilomita 60 za barabara, ambayo hadi mwezi Machi 2012 ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa. Hoja inayotetewa ni kwamba bendi ndogo ya dansi haiwezi kueleweka kama toleo dogo la bendi kubwa. Ilikuwa taasisi ya aina nyingine, na kilichoitofautisha kilikuwa namna ilivyobeba gharama ya barabara, wala si ubora wa muziki. Mwanamuziki wa NUTA Jazz alisafiri akiwa mwajiriwa. Mwanamuziki wa bendi ndogo alisafiri akiwa mwenye sehemu katika hasara ya safari, na mara chache sana katika faida yake.

"Bendi ndogo" hapa ina maana ya kundi la wanamuziki kati ya wanane na kumi na watano hivi, lisilo na jeshi, chama, kiwanda wala shirika la umma nyuma yake, ambalo aghalabu lilipigia vyombo vya mtu mmoja na kuishi kwa kiingilio cha mlangoni. Mipaka ya fasili hiyo haikuwa ukuta. Mpiga solo aliweza kuhama kutoka bendi ya shirika kwenda bendi ya mtu binafsi ndani ya wiki moja, na kurudi mwaka uliofuata. Bendi ya mji iliyoanza kama kilabu cha wanachama iliweza kuishia mikononi mwa mwenye baa. Lakini tofauti ya nani analipa mafuta ilibaki palepale.

Waliotangulia barabarani

Eneo la Njombe halikungoja magita ya umeme ili lijue burudani inayosafiri. Terence Ranger ameeleza namna ngoma ya beni ilivyoenezwa bara na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, na namna mganda, uliotokana na mkondo huo, ulivyoshika mizizi kandokando ya Ziwa Nyasa kwa vikundi vya vijiji vilivyotembeleana na kushindana. Kwa upande mwingine, misheni za Kilutheri za Nyanda za Juu Kusini, zilizoanzishwa na Wajerumani wa Berlin, zilileta utamaduni wa matarumbeta ya kanisani. Kwa hiyo, kulikuwa na watu waliozoea kulisafirisha kundi zima la wapigaji kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji, na kulikuwa na vijana waliojua kupuliza ala za shaba kabla dansi haijafika.

Jambo lililokuwa na uzito zaidi, hata hivyo, lilikuwa kazi ya mkataba. Wilaya ya Njombe ilikuwa mojawapo ya vyanzo vikubwa vya manamba wa mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Kuanzia mwaka 1944 chombo cha wenye mashamba cha kuandikisha vibarua, SILABU, kiliratibu usafirishaji wa watu hao. Kijana wa Kibena aliyerudi nyumbani baada ya mkataba alikuwa amekwisha kuishi karibu na Tanga na Morogoro, miji miwili iliyokuwa na vilabu vya dansi vyenye nguvu kuliko mingine mingi. Mwaka 1944 huohuo ndio mwaka unaotajwa kuwa wa kuanzishwa kwa Morogoro Jazz. Inafaa kusisitiza hapa kwamba hadhira ya Njombe haikuundwa na redio peke yake. Watu wengi walilijua dansi kwa miguu yao kabla hawajalijua kwa masikio, na waliporudi milimani walikuwa na kipimo cha kulinganishia bendi yoyote iliyopanda huko.

Njia panda

Makambako ni mji uliotengenezwa na usafiri. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro na Iringa hugawanyika hapo: tawi moja huendelea Mbeya na mpaka wa Zambia, jingine hugeukia kusini kwenda Njombe na Songea. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ililazimika kupitisha mafuta na shaba yake Tanzania, na barabara hiyo, wakati huo ikiwa bado ya vumbi na matope, ikajaa malori. Lami ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1970. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 na kukabidhiwa rasmi Julai 1976. Kipande cha Mlimba hadi Makambako, kinachopanda kutoka bonde la Kilombero, kilikuwa kigumu kuliko vyote na ndicho chenye sehemu kubwa ya mahandaki ya reli nzima. Treni inapomaliza mlima huo, hufika Makambako. Barabara ya Makambako hadi Songea, yenye urefu wa karibu kilomita 300, iliwekwa lami katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Uingereza.

Kwa bendi inayosafiri, tarehe hizo ni mipaka ya enzi. Kabla ya lami, ziara ya kwenda Songea wakati wa masika ilikuwa bahati nasibu. Baada ya lami ya barabara kuu lakini kabla ya ile ya Songea, Makambako ilikuwa mwisho wa uhakika: bendi iliweza kupanga tarehe za Iringa, Mafinga, Makambako na Mbeya kwa kiasi fulani cha kujiamini, huku Njombe ikiwa upande wa mashaka. Baada ya katikati ya miaka ya 1980 Njombe na Songea ziliingia katika mzunguko wa kawaida.

Reli ilisaidia kwa namna ndogo kuliko inavyodhaniwa. TAZARA ina upana wa njia tofauti na ule wa Reli ya Kati, na njia hizo mbili hazipiti miji ileile. Bendi ya Morogoro, mji uliokuwa kama kiwanda cha bendi, haikuweza kupandia treni ya TAZARA mjini kwake. Ilibidi ishuke kwanza Dar es Salaam au ielekee Kilombero. Aidha, treni humfikisha abiria stesheni, na stesheni si ukumbi. Vyombo vikishushwa kutoka behewa la mizigo, bado palihitajika gari la kuvifikisha mjini, gari jingine la kwenda Njombe, na gari la matangazo. Bendi yenye gari lake ilikuwa na matatizo ya mafuta na matairi. Bendi isiyo na gari ilikuwa na matatizo ya kila mtu aliyekuwa na gari.

Hesabu ya safari inaweza kufanywa kwa makadirio. Lori la tani 7 linalotumia lita 25 kwa kila kilomita 100 litahitaji lita 30 kwa safari ya kutoka Makambako kwenda Njombe na kurudi. Kwenda Songea na kurudi, kilomita 600 hivi, litahitaji lita 150. Kwa hiyo Njombe iliweza kulipia safari yake kwa usiku mmoja tu, hata kama ukumbi haukujaa. Songea haikuweza. Ilihitaji kupigwa usiku mitatu au minne mfululizo, na kwa kuwa mji mmoja haujazi ukumbi usiku minne, bendi ililazimika kusimama njiani, kwenda na kurudi. Vituo vidogo vya barabara ya kusini vilipata dansi kwa sababu ya hesabu hii ya mafuta. Mafuta yalipokuwa adimu, hasa baada ya kupanda kwa bei ya dunia mwaka 1973 na tena baada ya vita vya Kagera vya 1978–1979, vituo vilivyokatwa kwanza vilikuwa vile vilivyo mbali na barabara kuu.

Fedha za mahindi

Ziara hazikufuata kalenda ya muziki. Zilifuata kalenda ya mazao. Katika Njombe mahindi huvunwa kuanzia Juni, na fedha hufika mikononi mwa wakulima baadaye. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 serikali iliweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, bila kujali umbali wa shamba kutoka sokoni, na Shirika la Taifa la Usagishaji likawa mnunuzi mkuu. Sera hiyo, pamoja na ruzuku ya mbolea, iliigeuza mikoa minne ya kusini na magharibi, yaani Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa, kuwa ghala la taifa. Wanauchumi wamejadili sana gharama ya sera hiyo kwa hazina. Kilichosahaulika ni kwamba bei hiyo moja ilikuwa pia, bila mtu kukusudia, ruzuku ya dansi: ilipeleka fedha taslimu katika wilaya ambazo soko huria lingezilipa kidogo kwa sababu ya umbali, na fedha hizo zilifika kwa mkupuo, katika miezi michache, mahali penye starehe chache za kununua.

Bendi zilijua. Tatizo lilikuwa kwamba shirika lilichelewa kulipa, na bendi iliyopanga kufika Njombe mwezi Agosti iliweza kukuta magunia yamekwisha kuchukuliwa lakini fedha bado. Katika hali hiyo kiongozi wa bendi alikuwa na njia mbili, zote mbaya: kungoja akilisha watu kumi na wawili katika nyumba ya wageni, au kupiga kwa kiingilio cha chini na kuondoka kabla mji haujapata fedha. Wafanyakazi wa mshahara ndio waliokuwa nguzo nyakati hizo. Kampuni ya miwati ya Kibena, iliyoanzishwa mwaka 1949 na shirika la maendeleo la serikali ya kikoloni, pamoja na mashamba ya chai ya Njombe, vilikuwa na watu waliolipwa kila mwisho wa mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Wiki ya mwisho wa mwezi katika Njombe ilikuwa na thamani kuliko msimu wenyewe wa mavuno, kwa kuwa tarehe yake ilijulikana.

Mwenye baa naye alikuwa na hesabu yake. Kwake bendi ilikuwa njia ya kuuza bia, na makubaliano ya kawaida yalikuwa rahisi: kiingilio ni cha bendi, bia ni ya mwenyeji. Makubaliano hayo yalifanya kazi palipokuwa na bia. Katika miaka ya uhaba, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kreti zilipatikana kwa mgawo, na baa isiyo na bia haikuwa na sababu ya kuita bendi. Ulanzi, pombe ya mianzi inayopendwa sana Iringa na Njombe, haukuwa mbadala. Kwanza hugemwa wakati wa mvua, ilhali ziara zilikuwa za kiangazi. Pili, ulanzi una vilabu vyake, saa zake na watu wake, na mtu haendi kwenye ulanzi kwa kiingilio. Dansi lilikuwa limefungamana na chupa, na chupa zilitoka mbali kama vyombo vyenyewe.

Kabla ya yote hayo kulikuwa na kibali. Baraza la Muziki la Taifa liliundwa mwaka 1974, kisha Sheria Na. 23 ya mwaka 1984 ikaunda Baraza la Sanaa la Taifa lililochukua majukumu ya mabaraza yaliyotangulia. Katika ngazi ya wilaya mambo yalikuwa mezani kwa afisa utamaduni. Bendi ya shirika la umma ilifika na barua yenye muhuri unaofahamika. Bendi ndogo ilifika na kiongozi wake, kofia mkononi. Ukumbi wa chama au wa jumuiya ulihitaji ridhaa ya viongozi wake, na siku hiyo ikiangukia mkutano au sherehe ya kitaifa, bendi iliweza kuombwa kutumbuiza bure kwanza. Ni vigumu kulihesabu ombi hilo kama kodi, lakini ni vigumu vilevile kuliita hiari.

Baridi, umeme na mwenye vyombo

Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mwezi Juni na Julai baridi yake huwa kali, na bendi iliyotoka Morogoro au pwani ilikutana na tatizo ambalo halimo katika vitabu vya muziki wa dansi. Baridi hukaza nyuzi za chuma za gita na kupandisha sauti yake. Baridi hiyohiyo hushusha sauti ya saksafoni na tarumbeta mpaka pumzi ya mpigaji izipashe joto. Magita yaliyotuniwa chumbani jioni na ala za kupuliza zilizoachwa jukwaani hazikupatana saa tatu usiku. Ukungu nao ulilegeza ngozi za tumba. Kipindi cha kwanza cha dansi la Njombe kwa hiyo kilikuwa, kwa sababu za kimaumbile kabisa, kipindi cha kutafutana. Wasikilizaji waliolinganisha bendi hizo na zilezile walizozisikia Radio Tanzania, zilizorekodiwa studio katika joto la Dar es Salaam, waliweza kuamini kwamba bendi imeshuka kiwango.

Umeme ulikuwa tatizo kubwa zaidi. Njombe ilikaa muda mrefu nje ya gridi ya taifa. Njia kubwa ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako kwenda Songea kupitia Njombe ilikamilika mwaka 2018, na tangu miaka ya 1990 kiwanda cha miwati cha Kibena kilikuwa kikizalisha umeme kwa mabaki ya kuni na kuuza ziada kwa TANESCO. Bendi iliyosafiri barabara ya kusini katika miaka ya 1970 na 1980 ilihitaji jenereta, na jenereta ni chombo kinachokula mafuta hata lori likiwa limesimama. Ilihitaji pia mtu wa kuikarabati. Katika bendi nyingi ndogo dereva, fundi wa amplifaya na fundi wa jenereta walikuwa mtu mmoja, na mtu huyo akiugua, wapigaji kumi wenye vipaji walikaa bila kazi. Picha za bendi hazimwonyeshi. Kwenye lebo za santuri hayumo.

Hapa ndipo suala la umiliki linapojitokeza. Katika miaka ya uhaba wa fedha za kigeni, magita, vipaza sauti na amplifaya viliagizwa kwa vibali ambavyo mtu wa kawaida hakuvipata. Jeshi, Polisi, Umoja wa Vijana, kiwanda cha nguo cha Urafiki, Shirika la Bima na mashirika mengine yalivipata, ndiyo maana miaka ya 1970 na 1980 ilitawaliwa na bendi kama Urafiki Jazz, Vijana Jazz na Bima Lee. Katika Mkoa wa Iringa wenyewe, kampuni ya umma ya kukata almasi ilimiliki Tancut Almasi Orchestra, bendi ambayo kwa muda ilishindana na za Dar es Salaam ikiwa na makao Iringa. Kwa bendi ndogo iliyopita Makambako, Tancut ilikuwa kipimo cha kuumiza: watu wa ukanda uleule, barabara ileile, lakini vyombo vya kampuni na mshahara wa mwezi.

Mwenye vyombo binafsi alijaza pengo lililoachwa na mashirika. Alinunua seti, akakusanya wapigaji, akawapa kitanda na posho. Mgawanyo wa mapato ulianza kwa gharama: mafuta, ukumbi, kodi ya burudani, matangazo, nyumba ya wageni. Ikafuata sehemu ya vyombo, kwa kuwa vyombo huchakaa. Kilichobaki kiligawanywa kwa wapigaji, mara nyingi kwa daraja, mwimbaji na mpiga solo mbele, mpiga tumba nyuma. Utaratibu huu una mantiki yake, na si haki kuuita unyonyaji mtupu: mwenye vyombo aliweza kupoteza mtaji wote kwa lori moja kupinduka. Lakini utaratibu huo ulifanya kitu kimoja ambacho hakikuwapo katika kilabu cha wanachama cha miaka ya 1940 na 1950. Ulimfanya mpigaji abebe hatari ya biashara bila kuwa na sauti juu ya njia. Aliyeamua kwamba bendi iende Songea hakuwa yule ambaye angekosa posho Songea isipojaa.

Jibu la mpigaji lilikuwa kuhama. Historia za dansi zimejaa simulizi za wanamuziki "kuchukuliwa" na bendi pinzani, nazo kwa kawaida zinasimuliwa kama tamaa au usaliti. Zikitazamwa kutoka njia panda zina sura nyingine. Makambako ilikuwa mahali ambapo bendi mbili ziliweza kulala usiku mmoja, moja ikipanda na nyingine ikishuka. Mpigaji asiyelipwa kwa wiki mbili, asiye na nauli ya kurudi kwao, alikuwa na soko moja tu la kuuza ujuzi wake: lori lililoegeshwa upande wa pili wa barabara. Kuhama kulikuwa mgomo wa mtu mmoja.

Sifa mbaya na miili

Watu wa bendi waliitwa wahuni. Makanisa, ambayo katika Njombe yana nguvu kubwa, ya Kilutheri na ya Kikatoliki, yalilitazama dansi la Jumamosi kama mshindani wa ibada ya Jumapili, na kwa hesabu ya saa za kulala hayakukosea. Wanawake waliofanya kazi kandokando ya dansi, wahudumu wa baa, wenye nyumba za wageni, wauza chakula cha usiku, na waimbaji wachache waliosafiri na bendi, walibeba lawama hiyo mara mbili. Bendi iliondoka asubuhi. Wao walibaki mjini na majina waliyopewa.

Suala hili lilipata uzito mwingine kutokana na UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011–2012 uliukuta Mkoa wa Njombe ukiwa na kiwango cha juu cha maambukizi ya virusi kuliko mikoa yote, asilimia 14.8, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 5.1. Ni rahisi kuchora mstari kutoka malori, baa na bendi hadi takwimu hiyo, na mazungumzo ya mitaani huuchora. Mwanahistoria anapaswa kujizuia. Wilaya iliyopeleka wanaume wake mbali kwa mikataba kwa nusu karne, kisha ikapewa njia panda ya malori na vibarua wa chai na mbao, ilikuwa na sababu nyingi za kuwa hatarini kabla hata gita halijapigwa. Wanamuziki walikuwa miongoni mwa waliokufa, na bendi kadhaa za nchi zilipoteza waimbaji na wapigaji katika miaka hiyo bila chanzo kutajwa. Kuwageuza kuwa chanzo ni kuwaua mara ya pili.

Barabara iliua kwa uwazi zaidi. Salum Abdallah, kiongozi wa Cuban Marimba ya Morogoro, alifariki mwaka 1965 kwa ajali ya gari. Mbaraka Mwinshehe, aliyeondoka Morogoro Jazz mwaka 1973 na kuunda Super Volcano, bendi isiyo na shirika nyuma yake, alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari karibu na Mombasa, akiwa kazini ugenini. Vifo hivyo viwili vinajulikana kwa kuwa waliokufa walijulikana. Mlima Kitonga, mbuga ya Mikumi usiku, na ukungu wa kati ya Makambako na Njombe ni mahali ambapo kila bendi ya barabara ya kusini ilipita ikiwa na watu waliolala juu ya maspika, nyuma ya lori, saa kumi alfajiri, kwa sababu nyumba ya wageni ingekula kiingilio.

Kulikuwa na sheria ya fidia kwa wafanyakazi, Sura ya 263, iliyorithiwa kutoka serikali ya kikoloni na kudumu hadi ilipobadilishwa na Sheria Na. 20 ya mwaka 2008. Ilimlinda mtu mwenye mkataba wa kazi. Mpigaji wa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, alikuwa nao. Mpigaji wa bendi ndogo alikuwa na mgao wa mlangoni, uliohesabiwa usiku juu ya meza ya baa na kugawanywa mkononi. Mgao huo haukuandikwa popote. Akivunjika mguu Kitonga, mbele ya sheria hakuwa mfanyakazi wa mtu, na mwenye vyombo, hata kama alikuwa mtu mwema, hakuwa mwajiri. Kilichofanyika ni mchango: kofia ilipitishwa ukumbini katika mji uliofuata, kabla ya wimbo wa kwanza, na bendi ikapiga ikiwa pungufu ya mtu mmoja.